Alamu ya moto kwa bibi asiyesikia: mambo tunayodanganyana

"Bibi hasikii, mnunulie tu alamu yenye kelele kubwa." Hii hapa Tabora naisikia sana na ndo inayopoteza watu kuliko zote. Masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza sauti nyembamba, na alamu nyingi za moshi zinalia kwa sauti nyembamba hiyohiyo, hezi 3,000 na kitu (hezi ni kipimo cha sauti, zikiwa nyingi sauti ni nyembamba), ndo maana utakuta bibi anamsikia vizuri mjomba mwenye sauti nzito ila kajukuu kakiongea anauliza "unasemaje?" Zipo alamu za sauti nzito, hezi 520, zimejaribiwa kwa watu waliolala na zinaamsha vizuri zaidi, mpaka NFPA 72, kiwango cha Marekani cha alamu za moto, kinazitaka kwenye vyumba vya kulala vya hoteli.

"Si ana mashine ya masikio?" Anayo, na akienda kulala anaivua.

"Kiziwi mfungie taa ya kumwekamweka inatosha." Akiwa macho sawa, lakini mtu kajifunika shuka gubigubi ndani ya chandarua, kageukia ukutani, hiyo taa anaionaje? Kinachomuamsha ni mtetemo, kuna kisahani kinawekwa chini ya mto au godoro kimeunganishwa na alamu, moshi ukigundulika kinatikisa kitanda. Ila mjaribu usiku akiwa amelala kweli, sio mchana amekaa anacheka na nyie, maana godoro likiwa nene mtikisiko unaweza usimfikie, basi hamishieni chini ya mto.

"Atasikia harufu ya moshi." Wapi! Usingizini pua haitegemewi, na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu kabisa na inazidi kumlegeza mtu. Wajapani walitengeneza alamu ya kupuliza wasabi, kile kiungo chao kikali, wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti wa kuchekesha, mwaka 2011, ila ile inamuamsha mtu kwa kumuwasha pua, sio kwa kunukia.

Na hapohapo, alamu ya moshi haigundui kaboni monoksaidi, kwa hiyo zile baridi za Juni bibi akiingiza jiko la mkaa chumbani eti apate joto, alamu inaweza kukaa kimya kabisa na hewa imeshaharibika. Jiko libaki nje, hapo hakuna mjadala.

"Simu iko vaibresheni chini ya mto." Simu hainusi moshi jamani. Kuna zinazosikiliza king'ora zikatetema, lakini hata Apple wenyewe wanaonya usizitegemee kwenye hatari.

Umeme nao, chukua yenye betri ya akiba kwa alamu na kwa kisahani pia, maana umeme ukikatika ndo mishumaa na vibatari vinawashwa, halafu mtu asije akachomoa betri akaweka kwenye redio. Bonyeza kitufe cha kupima kila mwezi, ikifika miaka 10 badilisha yote.

Mwisho kuna wanaodhani alamu inawaita zimamoto yenyewe. Hizi za nyumbani kwa kawaida haziiti mtu, 114 inabidi apige mtu anayeongea na kusikia, kwa hiyo kiziwi anayelala peke yake apangiwe jirani kabisa, kiziwi akigonga dirisha la jirani usiku, jirani ajue ni moto, apige yeye.