Costa Rica ni ndogo kwenye ramani tu

Nimepokea tena ule ujumbe wa kuniomba nipange safari ya Costa Rica. Safari hii ni kaka mmoja yuko Texas, ana likizo ya wiki moja na familia, anataka volkano ya Arenal, msitu wa mawingu wa Monteverde, nyani wa Manuel Antonio, kasa wa Tortuguero, fukwe za Puerto Viejo na "muda ukibaki" Corcovado. Mwisho kaweka ile sentensi inayonipandisha presha: si kanchi kadogo tu, tutakazunguka.

Ni kadogo, sibishi. Kilomita za mraba kama 51,000, mkoa wa Morogoro peke yake unaizidi. Sasa niambie, umeshawahi kuona mtu mwenye akili zake anapanga kunywa chai Gairo, kula mchana Mahenge na kulala Kisaki siku hiyo hiyo kwa vile Morogoro ni mkoa mmoja?

Kinachoitawala Costa Rica ni milima. Safu imepita katikati kutoka juu mpaka chini, Pasifiki upande mmoja, Karibi upande wa pili, na kila unapotaka kwenda lazima upande, ushuke au uzunguke. Chukua La Fortuna, pale chini ya Arenal, na Monteverde. Kwa mstari wa ndege hazifiki kilomita 30. Barabarani unalizunguka ziwa lote la Arenal halafu unaanza kukwea, kona juu ya kona, na masaa matatu mpaka manne yameisha. Ndiyo maana wengi wanachukua basi dogo mpaka ziwani, boti, halafu basi lingine ng'ambo, na hata hivyo usitegemee kuokoa muda mwingi, utaokoa mgongo tu. Tortuguero ndiyo kabisa, hakuna barabara, gari unaliacha gati la La Pavona unapanda boti, au unaruka na kindege. Kwenda Limón, pwani ya Karibi, kutoka mji mkuu San José unapita barabara namba 32 katikati ya msitu wa Braulio Carrillo, mvua ikikolea udongo unaporomoka na barabara inafungwa, na hapo hakuna wa kumlalamikia. Kwenda kusini kwa barabara kuu unapanda Cerro de la Muerte zaidi ya mita 3,300, ukungu huoni boneti, na watu wameingia na kaptula kwa sababu waliambiwa wanaenda nchi ya joto.

Halafu giza. Jua linazama kama kwetu, kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi jioni, mwaka mzima. Mtu aliyetoka Marekani mwezi wa saba kazoea mwanga mpaka saa mbili usiku, anaondoka ufukweni saa kumi akidhani ana siku nzima mbele yake. Usiendeshe usiku kule. Basi.

Haya tuje kwenye mvua, maana hapa ndipo ninapochoka na watu. Kila anayenipigia ameshasoma mahali kwamba msimu mzuri ni Desemba mpaka Aprili na miezi mingine ni mafuriko. Huo ni msimu wa upande wa Pasifiki, na wanaoandika hivyo wanauza mahoteli ya upande wa Pasifiki. Ile milima niliyosema inakinga upepo unaotoka kaskazini mashariki kwenye bahari ya Karibi, maji yanamwagwa upande ule, upepo unavuka ukiwa mkavu. Mtu wa Morogoro hahitaji darasa hapa, Uluguru upande wa Matombo unajua mvua ambayo ng'ambo ya mlima hawaijui. Kwa hiyo Desemba Guanacaste, kaskazini upande wa Pasifiki, jua kali, na Limón siku hiyo hiyo inanyesha. Septemba na Oktoba, miezi ambayo Pasifiki inapigwa kuliko wakati wote na baadhi ya loji za rasi ya Osa, kule Corcovado, zinafunga kabisa, ndiyo Puerto Viejo, upande wa Karibi, bahari imetulia na jua linawaka. Mteja anakataa Oktoba katakata, sawa, ila asiseme nchi nzima inanyesha.

Na huo ukavu wenyewe hawausemi vizuri. Nenda Guanacaste Machi uone, miti imepukutika, nyasi za kahawia, vumbi. Watu wanashuka na picha za msitu wa kijani kichwani wanakuta kama Dodoma ya Septemba, wananitumia picha na alama za kuuliza. Kijani kinataka mvua jamani! Juni upande wa Pasifiki asubuhi mara nyingi ni safi kabisa, mvua inaanza mchana, jioni imekwisha, na vyumba vimeshuka bei. Kasa wa kijani wa Tortuguero wanapanda kutaga Julai mpaka Oktoba. Nyangumi wa Uvita, upande wa Pasifiki, nao wengi zaidi ni Agosti mpaka Oktoba. Ukishikilia Desemba mpaka Aprili hao kasa wamekupita, na nyangumi utapata wachache.

Ila nisijifanye mtabiri. Julai huwa inanisumbua, kuna wiki mvua inapumzika Pasifiki, sasa ni wiki gani, hakuna mtu mkweli atakayekuandikia tarehe. Monteverde siiahidi jua mwezi wowote, hata katika "ukavu" upepo unasukuma mawingu juu ya kilele na manyunyu yanakuja kwa ubavu. Na mwaka wa El Niño kalenda yote inapinda, Pasifiki inakauka zaidi na Karibi inazidi kulowa. Chati zangu nzuri tu, lakini ni wastani, na hakuna mtu anayelala kwenye wastani.

Mengine haraka haraka. Bei ya gari unayoiona mtandaoni mara nyingi haina ile bima ya lazima ya kumlipa mtu wa tatu, ukifika kaunta bei inapaa, uliza kabla. Mnaotokea Dar au Nairobi, pasipoti zetu zinahitaji viza, na mkipitia Marekani mnataka viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Kadi ya njano mkononi, chanjo ya homa ya manjano iwe imechomwa siku 10 kabla. Tiketi ya kurudi wataiomba. Na ukiona tiketi imeandikwa Liberia usinipigie usiku kwa hofu, ni mji wa Guanacaste wenye uwanja wa kimataifa, hupelekwi Monrovia.

Kaka wa Texas nimemjibu: sehemu mbili, basi. Usiku mitatu La Fortuna, mitatu Manuel Antonio, wa mwisho Alajuela karibu na uwanja wa ndege. Kanuna kidogo, kaniuliza hata Tortuguero kwa siku moja tu haiwezekani, nimemwambia inawezekana kama anataka kuwaonyesha watoto boti. Sasa anahamisha tarehe, kwa sababu siku pekee aliyoiacha ya kuingia hifadhi ya Manuel Antonio ni Jumanne, na Jumanne wanafunga.