Wiki Tatu za Vikope Wilayani Kongwa

Kope zikigeukia ndani, nywele zake husugua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa macho nilifundishwa hali hiyo kwa picha, na kwetu Mombasa nilikuwa nimeipasua mara chache za kuhesabika. Septemba mwaka jana, nikiwa daktari mgeni katika kambi ya macho wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, niliiona kila asubuhi kabla ya chai.

Safari yenyewe haina mengi: basi kupitia Horohoro hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Makaratasi ndiyo yaliyochukua muda, kwa sababu ujirani wetu haumruhusu daktari kuvuka mpaka na kuanza kutibu. Sharti kwanza asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa maoni yangu ndivyo inavyostahili kuwa.

Lugha nilidhani haitanisumbua. Siku ya kwanza muuguzi aliniambia, "Daktari, bibi anakusubiri nje," nami nikashtuka, maana katika mazungumzo yetu ya kila siku bibi ni mke, na wangu nilikuwa nimemwacha Kisauni. Nilipotoka na kumwamkia mgonjwa, "Shikamoo, nyanya," foleni nzima ilicheka, kwani huko nyanya ni ya kuungia mchuzi. Yeye aliitikia marahaba, kisha akaendelea kwa Kigogo, na muuguzi akawa mkalimani wangu.

Trakoma, ambayo Watanzania huiita ugonjwa wa vikope, huletwa na bakteria wa jamii ya klamidia. Mtoto huambukizwa tena na tena kwa mikono, kwa pindo la khanga linalofuta nyuso za ndugu wote, na kwa inzi wanaofuata tongotongo. Kila ambukizo huvimbisha upande wa ndani wa ukope wa juu, na miaka inavyopita uvimbe huo huacha kovu, nalo kovu hujikunja na kuuvuta ukingo wa ukope ndani. Ndiyo sababu maambukizi tunayakuta kwa watoto, ilhali wanaohitaji kupasuliwa ni watu wazima, wanawake wengi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto. Inzi huyo, kwa bahati nzuri, hazaliani katika choo cha shimo. Hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini, hivyo anayechimba choo ametibu macho asiyoyajua.

Bibi yule alikuwa na kibano cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, amekifundika kwenye pindo la khanga. Mjukuu wake alimng'oa nywele za kope kila Jumapili, lakini nyingine zilikatikia njiani zikabaki visiki vifupi, vigumu kama brashi, ambavyo huchoma kuliko unywele mrefu. Nilipoweka miwani ya kukuzia niliona ukungu mweupe umeshaanza kutanda kwenye kioo cha jicho la kulia. Upasuaji hauwezi kuuondoa ukungu huo. Huuzuia tu usiendelee, na hilo nilimweleza kabla hajakubali. Kazi yenyewe ni ndogo: ukope hutiwa ganzi, hubanwa, huchanjwa kwa mlalo milimita 3 kutoka ukingoni, na nyuzi 3 huugeuza ukingo utazame nje.

Jumapili ya kwanza nilitembezwa mahali ambapo Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, majembe ya trekta yakashindwa, na mvua, ambayo Dodoma hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, haikutosha. Ukavu huohuo ndio unaomfanya mama apime maji ya kupikia na asibakize ya uso. Hata hivyo kipimo chake hakikuwa sahihi sana. Mhudumu wa afya ya jamii alichukua chupa ya nusu lita, akatoboa kifuniko kwa msumari, akawapanga watoto. Akina mama walikisia nyuso mbili, labda tatu. Nilihesabu 14 kabla maji hayajaisha.

Jumapili ya pili tulikwenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulipanda mwamba katika jua kali hadi kwenye twiga na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Ugonjwa wa kazi ukanishika: nilitafuta macho katika kila uso, na katika michoro niliyoonyeshwa sikuona hata jicho moja.

Bibi alirudi siku ya nane kutolewa nyuzi. Ukope ulikuwa umekaa vizuri, naye alisema usiku alilala bila kuhisi mchanga. Kisha akadai kibano chake, ambacho muuguzi alikuwa amekiweka kwenye droo akiamini hakihitajiki tena. Tulimweleza kwamba hatakiwi kung'oa nywele kwa sasa. Akatutazama sote wawili, akasema kitu kwa Kigogo, na muuguzi akafungua droo huku akicheka: wajukuu wanatembea peku, na kule kwake miiba ni mingi.