Mtoto hainui mkono, akiguswa analia: yaweza kuwa kaswende?

Swali: Mwanangu ana wiki sita. Mkono wa kushoto hauinui tena, nikimvalisha shati ni kilio. Mavyaa asema ameteguka tumpeleke akakandwe na mafuta ya nazi. Tumpeleke?

Jibu: Dadangu hapana, msimkande kwanza. Mlaze uchi juu ya leso umwangalie tu, je mkono mmoja anaurusharusha na huu umelala hivi kama si wake? Watu huona wakadhani amepooza, lakini kwa kaswende (wazee huiita sekeneko) mara nyingi mishipa ni mizima, kinachouma ni ncha za mifupa pale inapokulia, karibu na bega, kiwiko, kifundo cha mkono au goti, bakteria wameingia humo tangu tumboni, kwa hiyo mtoto mwenyewe ndo anakataa kuusogeza. Na ukikanda unamuumiza zaidi.

Swali: Si aliumia wakati wa kuzaliwa?

Jibu: Aliyeumia kuzaliwa kwa kawaida mkono unalegea toka siku ya kwanza. Huyu wako alikuwa akiucheza halafu akaacha, hapo ndo mimi nashtuka. Mpeleke hospitali leo leo, maanake usaha kwenye jointi nao huja hivyo hivyo na haungoji kesho, hasa kama ana joto. Waambie wapige eksirei, mara nyingi hata mguu unaoonekana mzima utakutwa na mifupa iliyolika au ganda lake limevimba. Taja pia kama ana mafua yasiyoisha, pengine yenye damu, au ngozi inambambuka viganjani na nyayoni.

Swali: Lakini kliniki nilipimwa nikaambiwa niko sawa!

Jibu: Naamini. Ila waweza kuambukizwa baada ya kile kipimo, au ulipimwa mapema mno. Pimwa tena, wewe na mtoto pamoja.

Swali: Anapona?

Jibu: Anapona. Ni sindano za penisilini siku 10 bila kuruka hata moja, na mkono huanza kuchezacheza hata kabla eksirei haijakuwa safi. Asipotibiwa, akikua mifupa ya miundi yaweza kupinda kwa mbele na magoti kujaa maji.

Swali: Na babake?

Jibu: Naye apimwe achomwe sindano, msilaumiane, ila mkiwa hamjamaliza dawa msilale pamoja.