Je, wajua kwa nini mwarobaini unafaa mitaani Mtwara lakini haufai msituni Rondo?

Ukipita katika mitaa ya Mtwara saa saba mchana mwezi Oktoba, wakati mvua bado ziko mbali na ardhi inawaka, utawakuta waendesha bodaboda, mama lishe, wanafunzi na hata mbuzi wamekusanyika chini ya miti michache ileile, na mingi kati ya miti hiyo ni miarobaini. Si ajabu, basi, kwamba mtu au kikundi kinachotaka kurudisha msitu uliokatwa humwendea mwenye kitalu na kumwomba miche mia tano ya mwarobaini, kwa hoja kwamba mti huo umeshathibitisha kuwa unaweza kuishi huku kwetu. Mimi huumia ninaposikia agizo la namna hiyo, kwa sababu sifa zilezile zinazoufanya mwarobaini kuwa rafiki wa mtaa ndizo zinazoufanya kuwa mgeni msumbufu ndani ya msitu.

Asili ya mwarobaini ni India na Myanmar. Unastahimili ukame, unaota kwenye mchanga usio na rutuba, unakua haraka, na karibu mwaka mzima una majani, jambo lenye uzito mkubwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kinafuata kwa zaidi ya miezi mitano. Kitu ambacho hauwezi ni kusimama kwenye maji yaliyotuama. Sasa inama chini ya mwarobaini uliokomaa wakati wa mvua: utaona miche yake midogo imejaa ardhini kama mchicha uliomwagwa bustanini. Tunda lake dogo la manjano lina nyama laini juu ya kokwa moja, ndege na popo hulipenda, na kila wanakokwenda kulala huacha mbegu. Mtaani miche hiyo hufagiliwa, hukanyagwa au hung'olewa na mwenye uwanja. Msituni hakuna anayefagia. Katika vichaka vya pwani ya Tanzania, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mwarobaini umeshaingia na kuenea bila mtu kuupanda.

Rondo ni uwanda ulioinuka zaidi ya mita 800 katika Mkoa wa Lindi, wenye ubaridi na unyevu kuliko nyanda za chini zinazouzunguka. Msitu wake ni sehemu ya ukanda wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu iliyobaki vipande vipande kama visiwa, na ndani yake mna mimea isiyopatikana penginepo duniani. Humo pia anaishi komba mdogo aliyepewa jina la uwanda huo, mwenye uzito wa gramu zipatazo 60 tu, karibu sawa na yai la kuku. Katikati ya karne iliyopita msitu huo ulivunwa sana kwa ajili ya mvule wake, na sehemu yake ikageuzwa shamba la miti ya mbao ikiwemo mitiki na misindano. Shamba la mitiki lina kazi yake na mapato yake, silipingi, lakini ni shamba. Komba yule huishi kwa wadudu na matunda ya mahali palipo na miti ya kimo mbalimbali na vichaka vilivyosokotana, na safu zilizonyooka za mti wa aina moja haziwezi kumpa hayo.

Kwa hiyo swali la "mti gani ni mzuri?" halina jibu mpaka tuseme mti huo unakwenda kufanya kazi gani, kwenye udongo gani, na nani atakuwa karibu nao baada ya kupandwa. Mti wa mjini tunautaka kwa kivuli, kwa kuvunja upepo, kwa kutuliza vumbi. Tunautaka usivunjike, usipasue bomba la maji, usigombane na nyaya za umeme. Mti wa msituni tunautaka uzae, ulishe viumbe wengine na uwaachie wenzake nafasi. Hizo ni ajira mbili tofauti.

Tuanze na mjini, ambako makosa huonekana haraka. Mkrismasi, mti wa Madagaska unaowaka maua mekundu mwishoni mwa mwaka, hupandwa sana kwa uzuri wake, lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani katika miezi ambayo kivuli chake kinahitajika kuliko wakati wote, na mizizi yake hutambaa juu juu na kunyanyua sakafu. Ni mti wa uwanja mpana wa shule au wa bustani, na haufai kupandwa mita mbili kutoka ukutani. Mkungu huvumilia chumvi na mchanga wa ufukweni, na matawi yake yanayotoka kwa tabaka hutoa kivuli kizuri ajabu, ila majani yake makubwa hudondoka kwa wingi, kwa hiyo apandaye mkungu juu ya mtaro wa maji ya mvua ajue ameajiri na mtu wa kuuzibua. Mvinje unakubali ufukweni kabisa, mahali ambapo upepo wa kusi hurusha chumvi, lakini zulia la majani yake membamba huzuia mimea mingine kuota chini yake.

Mti ambao ningependa kuuona zaidi katika barabara zetu ni mkwaju. Ni mti wa Afrika, unavumilia ukame, mizizi yake huzama sana, matawi yake ni mazito na hayakatiki ovyo, na kivuli chake hutanda sana. Unakua polepole, na hapo ndipo wengi wanapouacha. Lakini tukumbuke tunaishi wapi: Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, huku wakazi wa Mtwara wakiwa wamehamishwa kutoka maeneo ya pwani. Katika mji kama huo mti unaokua upesi na kuwa na matawi tete ni hatari iliyowekwa juu ya paa la mtu. Mwembe nao ni imara na haukosi mtunzaji kwa sababu unalipa kwa matunda, ingawa kando ya barabara yenye magari embe bivu na mawe ya watoto wanaoziangua ni tatizo la kila msimu.

Udongo nao una neno lake. Mikindani kuna mahali ukichimba shimo unagonga mwamba wa matumbawe kabla jembe halijazama mpini. Sehemu za chini za mji wa Lindi, karibu na ghuba, chumvi haiko mbali. Ukikwea uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, unakutana na mchanga mwekundu wenye kina kirefu, unaonyonya mvua yote na kuiacha izame chini sana, ndiyo maana uwandani hakuna mito na maji ya matumizi husukumwa kutoka mabondeni. Mche wenye mizizi mifupi hufa kwa kiu Newala hata kama mwaka ulikuwa wa mvua nzuri. Historia ya huku ilishatoa somo hilo kwa gharama kubwa: mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya kina ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, kwa kuwa misitu ilikuwa imefyekwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa ipasavyo.

Msituni mambo hugeuka, na jambo la kwanza linaweza kuwashangaza wengi: mara nyingi chaguo bora ni kutopanda chochote. Eneo la miombo lililokatwa kwa mkaa au kwa shamba la ufuta bado lina uhai chini ya ardhi, kwa maana visiki na mizizi ya miombo, mitondoro na mipingo huchipua yenyewe. Dodoma wanaiita njia hiyo kisiki hai: unachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki, unapogoa mengine, unazuia moto na mifugo. Hununui mche hata mmoja, na miti inayorudi ni ile iliyokuwepo, kwenye udongo inaoujua, juu ya mizizi iliyokwisha kushuka.

Kuna na sababu nyingine ya kuipendelea njia hiyo. Uyoga wa porini ambao akina mama huuza kando ya barabara wakati wa masika ni tunda la kuvu wanaoishi pamoja na mizizi ya miombo na mitondoro. Kuvu humletea mti maji na madini kutoka mbali, mti humlipa kwa sukari unayoitengeneza kwenye majani. Mche wa miombo ulioota kwenye kiriba chenye udongo wa dukani, bila kuvu hao, hudumaa. Ukilazimika kuuotesha kitaluni, changanya kwenye udongo wako kiasi cha udongo uliochotwa chini ya mti mama.

Uvumilivu unahitajika zaidi kwa mtumbati, ule ambao kwingine huitwa mninga. Tunda lake ni duara bapa, katikati lina miiba kama nungunungu na kuzunguka lina utando mwembamba unaolipeperusha. Mbegu ikiota, hutoa kashina kadogo kenye majani machache. Kiangazi kikifika kashina hukauka hadi usawa wa ardhi, na mtazamaji husema mche umekufa. Chini, mzizi umenenepa kidogo. Mvua zikirudi huchipua tena, hukauka tena, na hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka kadhaa, hata kumi, mpaka mzizi uwe na akiba ya kutosha. Ndipo mwaka mmoja shina halikauki, linapaa. Nimeona shamba la kurejesha msitu ambapo mitumbati iliyokuwa imelala iling'olewa katika mwaka wa pili na mashimo yakajazwa mijohoro ili hesabu ya miche hai ipendeze. Iling'olewa ikiwa hai.

Mvule una fumbo lake. Kuna mvule dume na mvule jike, kwa hiyo msitu uliobakiziwa mti mmoja mkubwa wa mvule hautapata mbegu kama hakuna mwenzake karibu, na mivule michanga ikipandwa peke yake juani kama mahindi hushambuliwa na mdudu mdogo anayetia vinundu kwenye machipukizi yake na kuyaua. Hupendeza kuupanda umetawanywa, chini ya kivuli chepesi cha miti mingine. Mchanganyiko ni kinga, na sisi wa mikorosho tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa hilo. Mavuno ya korosho nchini yalianguka kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na pamoja na sababu za kuhamishwa kwa vijiji na bei, ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa na mkono mkubwa, ukisafiri kutoka mkorosho hadi mkorosho bila kizuizi.

Kwenye misitu ya mikoko kosa huwa la aina nyingine. Katika Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, eneo lililofanywa hifadhi ya bahari mwaka 2000, kila aina ina chumba chake kulingana na maji kujaa na kupwa: mililana husimama mbele kabisa ya bahari, mikoko yenyewe nyuma yake kwenye tope, kisha misinzi na mikandaa, na michu hupatikana hata nchi kavu zaidi kwenye chumvi kali. Siku ya kupanda, watu hupenda kuchomeka mche mrefu wa mkoko, ule unaoning'inia mtini kama kijiti cha kijani, kwa sababu ni rahisi na hupendeza kwenye picha. Ukichomekwa kwenye chumba cha mchu au cha mlilana, husombwa au hukauka. Mahali palipo wazi, tazama kwanza kama kuna tuta au barabara iliyozuia maji kuingia, kwani maji yakifunguliwa njia, mara nyingi bahari yenyewe huleta mbegu zinazostahili.

Kabla ya kulipa kitaluni, hakikisha mnazungumzia mti mmoja. Mkongo wa huku ndio mbambakofi wa pwani ya kaskazini, na mtumbati, kama tulivyoona, ni mninga. Jina la kisayansi kwenye kibao cha kitalu humaliza ubishi. Uliza pia mbegu zilichumwa wapi, maana mbegu za mpingo zilizotoka kwenye mti mmoja wa kando ya barabara huzaa ndugu watupu, wakati zile zilizokusanywa kutoka miti mingi iliyoachana hubeba nguvu tofauti tofauti. Na usiingojee Aprili Mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kwani wakati huo mvua za Kusini zinaaga na mche utapata wiki chache tu kabla ya kiangazi. Chimba mashimo Oktoba, na mvua ikishalowesha ardhi mpaka kiganja kizima kizame bila kukuta vumbi, kwa kawaida Desemba au Januari, toa mche kwenye kiriba na uupande siku hiyohiyo.