Tangi la samaki la plaiwudi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgeni akifika kwangu husifu samaki kwanza. Kisha huinama, akagonga ubavu wa tangi kwa kidole na kuuliza, "Kumbe hii ni mbao?" Naam, ni mbao. Ni plaiwudi ya milimita 18, kioo kimoja tu upande wa mbele, na maji lita elfu moja na ushei. Maswali yanayofuata ni yale yale niliyoyasikia soko la Gikomba, Nairobi, nikinunua mbao na baadaye kwa fundi wa vioo, na mengi yamesimama juu ya mambo yasiyo kweli. Nayajibu hapa kwa sababu tangi la ukubwa huu likiachia usiku, asubuhi unakuta samaki wamekufa sakafuni na maji yamefika kwa jirani.

"Plaiwudi ya marini haiingii maji"

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, hata kutoka kwa wauzaji wa hadiwea. Neno "marini" linahusu gundi na ubora wa tabaka: gundi yake haiachii hata plaiwudi ikichemshwa, na katikati ya tabaka hamna mapengo. Lakini mti unabaki kuwa mti. Ukikaa majini utanyonya, utavimba, na mwishowe utaoza. Halafu si kila ubao unaouzwa kwa jina hilo unastahili jina lenyewe, kwa hiyo kabla ya kulipa tazama ukingo wake. Ukiona vishimo kati ya tabaka, uache hapo hapo dukani.

Kinachozuia maji ni ngozi unayoipaka ndani. Mbao kazi yake ni kubeba.

Tangi langu la kwanza nililipaka rangi ya mafuta ya kung'aa, mikono minne, nikaamini nimemaliza. Rangi ya namna hiyo imekusudiwa mlango unaopigwa na mvua kisha ukakauka. Haikukusudiwa kukaa majini usiku na mchana. Wiki ya tatu niliona malengelenge madogo kwenye kona ya nyuma. Nilitoa maji hadi chini ya kona hiyo, nikabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba, likatema maji ya rangi ya chai. Plaiwudi iliyokuwa chini yake ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Tangi lile halikutengenezeka tena.

Kinachofaa ni epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa, iliyoandikwa kuwa inafaa matangi ya maji ya kunywa. Nayo peke yake haitoshi kwenye maungio. Mbao hutanuka na kunywea, na pale vipande viwili vinapokutana epoksi hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo unayatosha maji kupita. Ndiyo maana kila kona ya ndani inalazwa kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa epoksi. Kitambaa hakipendi kukunjwa kwenye pembe kali. Huinuka na kuacha hewa chini yake. Kwa hiyo kwanza jaza pembe kwa epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupona, kisha pitisha mgongo wa kijiko ili pembe iwe ya mviringo. Ndipo ulaze kitambaa.

Watu wengine huongeza kigumishi, lile kopo la pili linaloigandisha epoksi, ili ikauke haraka. Haikauki haraka, bali huharibika: inabaki laini na kunata. Pima kama kopo linavyoelekeza, bila kukisia kwa macho. Ukijenga Julai, wakati usiku wa Nairobi unashuka hadi nyuzi kumi na kitu, usishangae asubuhi ukikuta bado inashika vidole. Ipe muda, au fanyia kazi chumba chenye joto. Kabla ya mkono wa pili, osha uso wote kwa maji na sponji, kwa maana epoksi nyingi huachia utando kama nta, na huo utando hauuoni. Kisha piga msasa. Ukiuacha, mkono wa pili utabanduka kama ganda la kitunguu.

"Hatari inatokana na wingi wa maji"

Ukuta wa tangi haujui nyuma yake kuna lita ngapi. Unaujua urefu wa maji kwenda juu tu. Tangi lenye upana wa sentimita 70 na lenye upana wa mita tatu, kina kikiwa sawa, yanausukuma ukuta wa mbele kwa nguvu ile ile.

Chukua ukuta wa mita 2.4, yaani urefu wa ubao mzima wa plaiwudi. Maji yakiwa na kina cha sentimita 60, ukuta huo unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 430 hivi. Pandisha kina hadi sentimita 90, nguvu inafika karibu kilo 970. Kina kimeongezeka nusu, mzigo umezidi mara mbili. Mtu akiniuliza ajenge kubwa kiasi gani, namwambia aongeze urefu na upana apendavyo, lakini kina akiache kwenye 60. Na hapo mkono bado unafika chini wakati wa kusafisha.

Upande wa chini wa ukuta umeshikwa na sakafu ya tangi. Upande wa juu ndio unaotaka kufura katikati. Dawa yake ni fremu ya juu inayozunguka tangi zima, upana wa sentimita kumi au zaidi, iliyokatwa kutoka ubao mmoja bila kuungwa. Skrubu, kwa upande wake, kazi yake kubwa ni kubana mbao hadi gundi ishike, kwa hiyo usitegemee wingi wa skrubu pale ulipoibania gundi.

"Kioo kibandikwe kwa nje, ni rahisi kukibadilisha"

Hapana. Kikibandikwa nje, maji yanakisukuma kitoke, na gundi ya silikoni pekee ndiyo inayokizuia. Kikikaa ndani, maji yanakisukuma kiegemee fremu ya mbao inayokizunguka, na silikoni inabanwa badala ya kuvutwa. Fundi wangu wa vioo alibisha mpaka nilipomwekea kiganja changu ndani ya fremu nikamwambia, "Sukuma fundi, tuone kitaenda wapi."

Usikibane mpaka silikoni yote itoke pembeni. Acha unene wa milimita tatu hivi. Na silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu usiiguse, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Tafuta ile isiyo na dawa, ambayo nyingi hunuka siki inapokauka. Ipe wiki nzima kabla ya maji. Ukikosea, kwangua yote na uanze upya, maana silikoni mpya haishiki juu ya nzee.

"Kama friji inakaa orofa ya tatu, tangi nalo litakaa"

Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wa sakafu yenyewe. Maji ya kina cha sentimita 60 ni kilo 600 kwa mita ya mraba, kabla hujaweka mawe, kioo na meza ya chuma. Tena friji unaweza kuihamisha leo. Tangi litabonyeza pale pale miaka nenda rudi. Kama unaishi juu, ruhusa ya keateka haitoshi, hata kama ni mtu mwema. Muulize mhandisi wa majengo, au usijenge. Langu liko chini, kwenye zege lililomwagwa juu ya udongo, na nililisawazisha kwa pima maji kabla ya tone la kwanza.

"Tangi la mbao litakuwa baridi"

Ni kinyume. Mbao hupitisha joto kwa shida kuliko kioo, kwa hiyo hita haihitaji kufanya kazi sana. Kwa Nairobi hiyo ni faida ya kweli, maana samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 na kuendelea.

Stima ikipotea watu hukimbilia kufunika tangi kwa blanketi. Mimi huogopa pumzi kabla ya baridi. Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yake hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Tangi lililojaa samaki huanza kuhema muda mrefu kabla halijapoa. Nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ikae karibu na tangi.

"Plaiwudi ni nafuu daima"

Kwa tangi dogo, nunua la kioo. Epoksi na faibaglasi zitakula zaidi ya ulichookoa. Mbao huanza kulipa pale kioo kinapohitaji kuwa kinene na ghali, nawe unanunua kipande kimoja badala ya vinne.

"Likikaa siku moja bila kuvuja, liko sawa"

Kona yangu ya kwanza ilichukua wiki tatu. Siku hizi najaribia uani. Natandaza magazeti makavu chini ya kila ungio, najaza tangi, na kando yake naweka ndoo ya maji. Napiga alama ya kalamu kwenye maji ya tangi na ya ndoo, kwa sababu yote mawili hupungua kwa jua na upepo. Nakagua kila asubuhi kwa wiki tatu. Tangi likishuka kuliko ndoo, kuna mahali linavuja hata kama gazeti ni kavu. Yakishuka sawa, na magazeti yakiendelea kulia kama makuti nikiyakunja, nalitoa maji, nawaita vijana wanne wa mtaa, tunalibeba ndani.