Shule ya umma, ibada ya mfadhili: mtoto wako ana haki gani?

Kila muhula wa kwanza huja ofisini mwangu wazazi wenye kilio kimoja. Mtoto ameitwa shule ya bweni ya umma ambayo jina lake linaanza na "Mtakatifu". Wiki ya pili anapiga simu: Jumapili lazima aende misa, akikosa mwalimu wa zamu anaandika jina lake. Ni Mwislamu. Wakati mwingine ni Mwadventista, naye kinachomsumbua ni kuitwa darasani Jumamosi.

Mimi ni wakili wa kesi za katiba, na jibu langu huwashangaza kidogo: sala shuleni nchini Kenya si kosa. Wengi wamesikia habari za Marekani, ambako mwaka 1962, katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, Mahakama ya Juu ilikataza sala iliyotungwa na maafisa wa elimu wa New York, ingawa mtoto aliweza kuomba asishiriki. Kwetu, Dibaji ya Katiba ya 2010 inaanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa tunaouimba paredini ni dua. Kifungu cha 8 kinasema tu kwamba hakuna dini ya taifa.

Kilichokatazwa ni kulazimisha. Kwa mujibu wa kifungu cha 32(4), mtu hawezi kushurutishwa kufanya jambo linalokwenda kinyume na imani yake. Sala ikiwepo, sawa. Mtoto akiandikwa jina kwa kutokuja, Katiba imevunjwa.

Wakuu wa shule hunijibu kwamba shule ni ya kanisa. Si ya kanisa. Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za wamishonari chini ya serikali, makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Mishahara ya walimu inatoka TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili kazi ya malezi ya kiroho, na papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Nusu hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Hoja nyingine ni kwamba mzazi alijua anakompeleka mwanawe. Hii huniumiza zaidi. Nafasi hugawiwa na wizara. Mtoto wa Garissa anaweza kujikuta Nyeri bila kuichagua shule hiyo, na baba yake hana karo ya kumpeleka kwingine. Utasemaje kwamba amekubali?

Mahakama zimepita njia hii, ila hazijafika mwisho. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa wanafunzi Waadventista haki ya kuishika Sabato tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Kabla ya hapo, 2016, ilikuwa imewaruhusu wasichana Waislamu wa shule ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo, kuvaa hijabu. Majaji walieleza kwamba kanuni moja kwa wote inaweza kumwonea mmoja: aliyezoea kutembea kichwa wazi hapotezi kitu, mwenzake anaambiwa achague kati ya dini na masomo. Nakubaliana nao kabisa. Lakini Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa sababu ombi lilikuwa limeletwa kwa utaratibu usiofaa, na swali lenyewe la hijabu likabaki bila jibu. Mgogoro huo ulianza 2014. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka huo alikuwa ameshamaliza shule.

Ndiyo maana siwahimizi wazazi kukimbilia kortini. Mwandikie mkuu wa shule, nakala kwa bodi, ukitaja kifungu cha 32(4) cha Katiba na kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi. Andika wewe mzazi. Usimtume mtoto wa miaka kumi na minne akabishane na mwalimu wa zamu. Na usiishie kuomba ruhusa tu. Nimekutana na shule ambako waliosamehewa misa walipewa majembe wakalime hadi wenzao watoke kanisani. Hiyo ni adhabu. Barua iseme wazi mtoto atakuwa wapi saa ile: maktabani, na kitabu chake, chini ya uangalizi wa mwalimu.