"Baba yake yuko jela": yanayosemwa ofisi ya walimu, na ukweli wake

Mzazi akifungwa, habari mara nyingi hutangulia shuleni kabla ya mtoto mwenyewe. Hufika kwa minong'ono, na minong'ono hiyo humwumiza mtoto ambaye hakuna mahakama iliyomhukumu. Naziandika dhana hizi kwa maneno yaleyale ninayoyasikia walimu wenzangu wakiyasema.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 2012 Joseph Murray na wenzake walikusanya tafiti 40 kuhusu watoto wa wafungwa. Waliona kweli kwamba watoto hawa wana uwezekano mkubwa kiasi wa kuwa wakorofi au kuvunja sheria. Lakini katika tafiti zilizofanywa kwa makini zaidi, hawakuona kwamba kufungwa kwa mzazi kunaambatana na kufeli masomo wala kutumia dawa za kulevya.

Kinachoninyima usingizi ni utafiti wa Danielle Dallaire na wenzake wa mwaka 2010. Waliwapa walimu maelezo ya mwanafunzi mgeni wa kubuni. Baadhi ya walimu waliambiwa mama yake yuko gerezani, wengine wakaambiwa hayupo kwa sababu nyingine. Yule wa mama mfungwa ndiye aliyekadiriwa kuwa na uwezo mdogo, na hakuwa ameandika hata zoezi moja! Basi msaada wetu uanzie hapo. Asipunguziwe maswali magumu kwa kuhurumiwa, asirukwe anaponyosha mkono, na kalamu ya mwenzake ikipotea asiwe wa kwanza kupekuliwa.

"Lazima tujue mzazi alifanya nini."

Hapana. Tunachohitaji kujua ni mtoto anaishi na nani sasa, nani anaruhusiwa kuja kumchukua, nani anasaini fomu, kesi inasikilizwa lini, na nyumbani ameambiwa nini. Kosa lenyewe halimsaidii mwalimu kumfundisha hesabu. Habari ibaki kwa wachache wanaomhudumia.

Hilo la "ameambiwa nini" lina uzito wake. Wapo walioambiwa baba amesafiri. Si kazi ya mwalimu kufichua, wala si kazi yake kuongezea uongo wake juu ya ule wa nyumbani. Amwite mlezi faraghani, amweleze kwamba siku moja mtoto ataambiwa na wenzake wakati wa mapumziko, tena kwa kuchekwa. Ni heri aambiwe na mtu anayempenda, kwa maneno ya umri wake.

"Kwenda kumwona mzazi gerezani ni utoro."

Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, inamhakikishia mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana na kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunamdhuru. Siku ya kutembelea wafungwa ikiangukia siku ya masomo, si yeye aliyeipanga. Iandikwe ruhusa kwenye rejista, awekewe kazi aliyoikosa, na kesho yake asisimamishwe mbele ya darasa kueleza alikuwa wapi.

Kesho hiyo anaweza kuja mchovu, mkali, au akalia kwa sababu ya kifutio tu. Wengine husema hiyo ni dalili kwamba ziara zinamharibu. Mara nyingi ni uchungu wa kuagana, na unahitaji mtu wa kukaa naye dakika kumi kabla ya kengele.

"Amenyamaza, amezoea."

Aliyefiwa hupewa pole. Huyu hapewi, kwa hiyo hujifunza kuficha. Anayepata alama za juu naye yumo. Tazama vitu vidogo: fomu ya safari inarudi bila sahihi, darasa linaambiwa "chora familia yako" na penseli moja haisogei. Waambie wote wachore watu wanaowapenda, na hakuna atakayejua zoezi limebadilishwa kwa ajili ya nani.

"Mzazi mfungwa hana lake tena hapa."

Kama mahakama haijakataza mawasiliano, nakala ya ripoti ya muhula inaweza kutumwa gerezani kupitia kwa mlezi. Pamoja nayo, mchoro ambao mtoto mwenyewe amechagua.

"Akitoka, yamekwisha."

Hapa ndipo shule nyingi huacha kufuatilia. Mzazi alimwacha mtoto darasa la pili, anamkuta la tano. Bibi aliyemlea anasogea pembeni, amri za nyumbani zinabadilika, na mtoto aliyeisubiri siku hiyo kwa furaha anaanza kugombana na kila mtu. Tarehe ya kuachiliwa ikijulikana mapema, mwalimu aliyezoea kuzungumza naye asibadilishwe, walau kwa muhula mzima baada ya mzazi kurudi.